Taa Niliyoiona Mimi Peke Yangu

Jumapili, 8 Machi 1981

Taa ya oili imewaka leo tukitoka kanisani. Mvua ya kwanza ya mwaka ilitukuta Jogoo Road, maji yakapenya kwenye mpira wa kioo cha mbele na kunidondokea magotini, kama kawaida ya hii Morisi yetu kuukuu. Nikaona kitu chekundu kimewaka pale kwenye dashibodi. Nikasema, "Baba Lydiah, taa imewaka."

"Taa gani?"

Taa gani! Iko mbele yake, nyekundu kama nyanya. Nilimwonyesha kwa kidole. Akainamisha kichwa chini kabisa kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, ndipo akasema ah, hiyo, itazima yenyewe. Haikuzima mpaka tukafika nyumbani, Mbotela.

Cucu Waruguru, mamake Baba Lydiah, alikuwa kiti cha nyuma na mguu wake ameunyoosha, akauliza kama tunaungua. Alikuja kwetu Januari kwa sababu ya huo mguu, una kidonda kisichotaka kupona. Daktari amesema Pasaka anaweza kurudi kwake Kangema. Kwenye basi hawezi kuukunja mguu, kwa hivyo mwanawe ameahidi kumpeleka kwa gari, Jumamosi ya Pasaka, na ameahidi mbele ya sisi sote. Barabara ile ina milima na kona, na ukikosea chini ni bonde tupu. Injini ikifa pale sijui tutafanya nini. Nimemwambia Baba Lydiah hivyo, akasema nimeanza.

Jumatatu, 9 Machi

Jua. Taa haikuwaka. Mwenye gari anatembea kama ni yeye aliyeitengeneza.

Jumatano, 11 Machi

Nimemwita Wekulo. Anakaa laini ya nyuma yetu na mkewe Asenath, na kazi yake ya ufundi wa magari anafanyia Kariobangi. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili imejaa. Akasema basi ni swichi. Kuna swichi ndogo imefungwa kwenye injini; oili ikisukuma kwa nguvu, taa inazima, na nguvu ikipungua, taa inawaka. Swichi ikizeeka inadanganya watu.

Nikamuuliza, na isipokuwa swichi? Akacheka akasema, "Mama Lydiah, tuanze na kidogo." Sikukipenda hicho kicheko. Fundi huanza na kidogo akamaliza na nyumba yako.

Jumamosi, 14 Machi

Swichi mpya. Jua kali, taa imezima. Tumeenda soko la Burma kununua nyama, na tukirudi Mzee Naftaly, mzee wa kanisa letu, alikuwa amesimama kando ya barabara pale tunapoingilia mtaani. Akainua mkono. Baba Lydiah akapita tu, hata honi hakupiga. Nikageuka nikapunga mkono mimi, lakini salamu ya mke si salamu ya mwenye nyumba. Hapa mtaani ukimpita mzee bila kumsalimu wanasema gari limekupanda kichwani.

Nilipomuuliza, akasema hakumwona. Mzee Naftaly ni mnene na kofia yake ni ya manjano.

Jumapili, 15 Machi

Mvua. Taa. Pamoja na hiyo swichi yao mpya.

Jumanne, 17 Machi

Imenyesha mpaka asubuhi. Cucu ameamka akisema wenzake wanapanda maharagwe na yeye yuko Nairobi anasikiliza mabati.

Alhamisi, 19 Machi

Baba Lydiah amekanyaga karai la Cucu la kuoshea mguu, maji yote yakaenda chini ya cherehani yangu na kulowesha sare za shule nilizokuwa nimezikata. Badala ya kuomba radhi anauliza nani ameliweka hapo. Linawekwa hapo tangu Januari.

Nikamwambia Cucu kijana wake ameota pembe. Cucu akasema hata baba yake alikuwa hivyohivyo uzeeni, alitukanyagia vifaranga mpaka tukaacha kufuga. Kina mama na watoto wao wa kiume, hata akichoma nyumba atatafutiwa sababu. Kisha akaanza tena habari ya plasta yake, eti kuna mtu anammalizia plasta ya kufungia mguu. Sasa nani aibe plasta? Nikamwambia aangalie chini ya mto.

Jumamosi, 21 Machi

Wekulo amemwaga oili yote akaweka nyingine nzito. Tukangoja mvua kama watu wa shamba. Ilipokuja, tukaingia garini, yeye akaendesha, na kwenye shimo la kwanza tu taa ikawaka. Tuliporudi akasema kama taa inasema kweli, basi injini imelika kwa ndani, itabidi ifunguliwe, na ikifunguliwa Pasaka itaikuta bado iko vipandevipande.

Baba Lydiah akasema injini haifunguliwi, yeye anaisikia na iko sawa. Aliyasema kwa ukali mpaka Wekulo akafunga boneti na kwenda zake. Sasa nimwamini nani? Fundi anataka kazi. Mume wangu hataki kuonekana amekosea. Taa haipati chochote kwa kunidanganya, kwa hivyo mimi naiamini taa.

Jumanne, 24 Machi

Kuna jambo na halinipi usingizi. Baba Lydiah ni dereva wa lori la mikate, miaka yote hiyo, na nimezoea harufu ya dizeli kwenye shati lake kuliko harufu ya sabuni. Leo nikifua, nimenusa. Hakuna dizeli. Nikanusa ya jana. Hakuna. Halafu Asenath ananiambia dukani, bila ubaya, kwamba lile lori siku hizi linaletwa na kijana mwembamba wa ndevu.

Nilimuuliza Baba Lydiah akila. Akasema wameongeza dereva wa pili, wanapokezana. Na siku isiyo yake anakuwa wapi? Akasema, "Kazini, Teresiah, kwani wapi," na chai akaimwaga nje ya kikombe. Mkono wa mtu asiye na hatia haumwagi chai. Nimewaza majina ya wanawake wote tunaofahamiana nao. Nimejichukia kwa kuyawaza na nikaendelea kuyawaza.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Githeri. Kila mtu na sahani yake.

Jumapili, 29 Machi

Leo nimeapa kutofungua mdomo ndani ya gari. Siku zote tukiwa njiani Baba Lydiah hupenda nizungumze. Atauliza yule ni nani amesimama pale, kumeandikwa nini, nani anavuka. Nilidhani anapenda maneno yangu. Leo nikasema atajua mwenyewe. Taa imewaka tangu nyumbani, nikaitazama na kunyamaza.

Karibu na soko, mkokoteni wa viazi ukatokea upande wangu. Sikusema kitu kwa sababu niliona anaona. Hakupunguza hata kidogo. Nilipiga kelele, akakanyaga breki, gari likateleza na kusimama tairi likiwa limegusa gurudumu la mkokoteni. Mwenye viazi alitutukana matusi mengine sijawahi kuyasikia. Cucu alikuwa anaomba kwa sauti huko nyuma.

Nikamwambia, "Ulitaka kutuua ndio unionyeshe hasira?" Alirudisha gari nyuma, akaupisha mkokoteni. Tulifika kanisani, na Mzee Naftaly alipotoa matangazo akasema kuna ndugu wamebarikiwa na magari hata wamesahau shingo zinageuka. Watu wakacheka. Mimi nilitazama sakafu.

Jumatano, 1 Aprili

Cucu amefunga mizigo yake. Nimemwambia Pasaka bado. Akasema anajua, lakini mizigo ikiwa imefungwa moyo unatulia. Wangu hautulii.

Jumamosi, 4 Aprili

Nilikuwa nimemhukumu Wekulo bure. Amekuja na geji ya kupimia nguvu ya oili, ameiazima kwa mwenzake. Akaitoa ile swichi, akaifunga geji mahali pake, akawasha injini. Mshale ukapanda ukatulia juu. Akanionyesha: injini ina nguvu zake zote. Angeweza kuificha hiyo geji na kuifungua injini, na mimi ningejuaje?

Kisha akarudisha swichi, na kwa vile manyunyu yalikuwa yameanza, tukazunguka mtaa mpaka taa ikawaka. Akasimamisha, akafungua boneti, akauchomoa waya wa taa kutoka kwenye swichi, akaushika hewani. "Chungulia dashibodi, Mama Lydiah." Nikachungulia. Taa bado inawaka.

Akasema basi mchawi si oili wala swichi. Huo waya umechubuka mahali fulani katikati na unagusa chuma cha gari, na ukigusa chuma, taa inadhani hakuna oili. Kwa nini wakati wa mvua tu, hilo hajui. Ameitiwa kazi Kariobangi, atakuja Jumamosi ijayo aufuate waya wote.

Nilitarajia Baba Lydiah afurahi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa. Ndipo nikajua kuna kitu anajua. Jumamosi ijayo ni mbali mno.

Jumapili, 5 Aprili

Naandika mkono ukiniuma na sijui kama nitaeleza vizuri.

Mchana baada ya chakula nilichukua tochi nikaenda garini. Mvua ilikuwa inanyesha. Nililala chali kwenye sakafu ya upande wangu, kichwa chini ya dashibodi, Mungu anisamehe kwa lile vazi la kanisani. Nyaya za mle ndani ni nyingi lakini mimi nimeshona miaka yote, nikishika uzi siuachi mpaka niujue mwisho wake. Nikaanzia nyuma ya ile taa. Kulikuwa na waya wa zamani, mweusi, mgumu kwa umri, ukielekea kwenye injini. Na mwingine mpya wa rangi ya kahawia umefungwa juu yake, ukija huku upande wangu. Nikaufuata kwa vidole mpaka chini ya pale maji yanapopenya kwenye kioo. Pale ulikuwa umekatika. Haukukatika, ulikuwa umekatwa vizuri, ukingojea kitu. Ncha yake ilikuwa imezungushiwa plasta. Plasta ya hospitali, ya Cucu.

Ilikuwa imelowa chepechepe na kulegea. Nikausukuma waya kidogo, ukagusa chuma, na kwa vile nilikuwa nimefungua swichi ya gari, nikaona taa ikiwaka wakati injini hata haijazunguka. Najua taa huwaka injini ikiwa imezimwa, Wekulo alinieleza, ndiyo maana nilimwita Baba Lydiah atoke awashe. Akawasha. Nikiusogeza waya, taa inazima. Nikiugusisha, inawaka.

Nikamwambia, "Huu waya umeufunga wewe."

Akasema ndiyo, Februari.

"Wa nini?"

Alizima injini. Kisha akasema, "Nilitaka kufunga kengele. Taa siioni, lakini kengele nitaisikia."

Nilitoka pale chini nikakaa kitini kwangu. Alikuwa anatazama mbele. Akaniambia yote bila kunigeukia. Tangu Septemba mwaka jana. Alienda kliniki ya macho peke yake, wakamwambia ni presha ndani ya jicho, imekula pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Barabara iliyo mbele anaiona. Kilicho chini hakioni, kilicho kando hakioni. Dawa amepewa, ya matone, anaiweka kule kazini.

Kazini. Nikamuuliza, kazini wanajua? Akasema aliwaambia Januari. Aliogopa kugonga mtoto na lile lori. Wakamtoa kwenye lori wakamweka stoo, anahesabu kreti za mikate.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Nilimwambia, "Watu wa mikate uliwaambia. Mimi nimekaa hapa kando yako kila Jumapili, na mama yako nyuma, mimi hukuniambia."

Akasema, "Kule waliniweka stoo tu. Hapa ungeniweka wapi?"

Nililia. Nililia kwa hasira kwanza, kwa ule mkokoteni, kwa Cucu aliyekuwa akiomba, kwa usiku ule wote niliolala nikihesabu wanawake wa watu. Halafu nikalia kwa sababu niliona karai, na kofia ya manjano, na chai nje ya kikombe, na nikaona mtu aliyekuwa akiniuliza nani anavuka kwa sababu kweli hakujua nani anavuka. Mimi nikamnyamazia. Tungeweza kuua mtu wa viazi, na yeye kwa kuficha na mimi kwa kununa.

Nilimwambia gari hili hataliendesha tena, hata kulitoa hapa kulipeleka pale. Akachomoa ufunguo akaniwekea mkononi. Hakubishana. Afadhali angebishana.

Tukabaki pale mpaka mvua ikapungua. Cucu alitoka mlangoni akauliza kama tumepata ugonjwa wa gari. Nikamwambia tumeupata. Nikamrudishia kipande cha plasta yake.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimehamisha karai likakaa ukutani.

Alhamisi, 9 Aprili

Amemwambia mama yake. Cucu hakushangaa. Alisema, "Nilikwambieni habari za vifaranga," na akamshika mwanawe mkono, mtu mzima wa nywele nyeupe, asiuachie muda mrefu.

Baadaye Baba Lydiah akaenda kwa Mzee Naftaly, peke yake, kwa miguu. Nilitaka kumsindikiza akakataa. Sijui walisema nini. Alirudi na mkungu mdogo wa ndizi.

Jumamosi, 11 Aprili

Wekulo ameutoa ule waya, akaziba mpira wa kioo. Nilimweleza mambo ya macho kwa sababu ilibidi nimwombe jambo kubwa, kutuendeshea mpaka Kangema wiki ijayo. Akasema Pasaka alikuwa amepanga kulala. Kisha akasema atalala Jumatatu. Yule niliyedhani atamaliza nyumba yangu.

Jumamosi, 18 Aprili, Kangema

Tumefika. Wekulo usukanini, Baba Lydiah kando yake, mimi na Cucu nyuma na mizigo iliyofungwa tangu mwanzo wa mwezi. Mvua ilitupiga kutoka Murang'a mjini mpaka juu, na kila baada ya kona Baba Lydiah anauliza, imewaka? Wekulo anasema haijawaka. Aliisikiliza injini njia nzima. Kwenye mlima mmoja akamwambia Wekulo apunguze gia, na kweli gari lilikuwa linaomba.

Cucu ameshuka akaenda moja kwa moja shambani na mguu wake. Maharagwe ya majirani yamefika magotini. Amesema amechelewa na ni sisi tumemchelewesha, na ni kweli.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua. Nimemkumbusha Baba Lydiah matone yake. Kukumbushwa hakumpendezi, kusahau kunamtisha.

Jumapili, 10 Mei

Nimemuuliza tuuze gari? Akasema kama nataka. Nikamwambia sijasema nataka, nimeuliza. Akasema gari likienda, basi hata ile sauti ataikosa. Sikuweza kumaliza chai yangu.

Jumatano, 20 Mei

Nimekwenda kuchukua leseni ya wanafunzi. Karani aliuliza ni ya mtoto wangu? Nikamwambia ni ya mama yake.

Jumapili, 24 Mei

Mvua imekwisha. Wekulo ameurudisha ule waya, safari hii umefungwa vizuri, na mwishoni ametia kengele ya mlango aliyoiokota kwenye vyuma chakavu. Wanangu walioko mbali wakija likizo watadhani tuna mgeni.

Baada ya kanisa tumeenda uwanja wa shule, herufi L ya mwanafunzi imefungwa mbele na nyuma. Wekulo alikaa kiti cha nyuma, akasema yeye yuko kwa ajili ya sheria tu, akajifunika uso kwa gazeti. Baba Lydiah alikaa upande wangu wa zamani. Jasho lilinitoka hata kabla ya kugusa kitu.

Akasema, "Fungua swichi, usiwashe bado."

Taa ikawaka, kengele ikalia kwa kelele mbaya. Akasema hiyo ni sawa, inatuambia nguvu bado hakuna. Sasa washa. Injini ikashika, taa ikazima, kengele ikanyamaza, na yeye akaegemea kiti kama mtu aliyelipwa. Nikatia gia ya kwanza, tukaruka, tukazima. Tukaanza tena. Mara ya tatu likaenda.

"Niambie unachoona," akasema.

Nikamwambia. Watoto wanacheza mpira, wako mbali. Mbuzi wawili. Ukuta, lakini bado. Na kule kushoto kwenye lango la shule amesimama Mzee Naftaly na kofia yake, anatutazama.

"Piga honi."

Nikapiga. Baba Lydiah akatoa mkono dirishani akaupunga. Aliupungia nguzo ya goli, mbali kidogo na lango. Mzee Naftaly akatoka pale aliposimama, akatembea taratibu na tumbo lake mpaka akafika mbele ya ule mkono. Ndipo akaivua kofia.

"Ameona?" Baba Lydiah akaniuliza.

Nikamwambia ameona, amevua kofia. Akasema basi nikaze macho mbele, ukuta ule haujahama.